Ukitaka Unyumba, Beba Mtungi

Kuna swali ambalo maustadh wa mitaani wamelizoea. Haliulizwi mchana, wala mbele ya watu. Linakuja kwa simu, usiku, limeandikwa harakaharaka: ustadh, mke wangu ako na mimba, naruhusiwa kulala naye? Linatoka Makina na Lindi, linatoka Gatina na Kabiria. Na jibu lake ni fupi kuliko swali. Ndiyo, unaruhusiwa. Kurani, katika Sura ya Al-Baqara aya ya 222, imekataza kumwingilia mke akiwa katika hedhi. Wanazuoni wakaiweka nifasi katika hukumu hiyo hiyo. Kuna pia mchana wa Ramadhani, kuna ihramu. Mimba haimo kwenye orodha. Ukienda kwa daktari utapata jibu hilo hilo: mimba ikiwa haina matatizo, mume na mke waendelee na maisha yao hadi siku za mwisho.

Basi yameisha, si tufunge mjadala tukanywe chai?

Hapana. Jibu hilo limekuwepo kwa zaidi ya miaka 1,400, na bado mtaani watu wanaishi kana kwamba halipo. Na swali lenyewe limekaa upande. Angalia anayeuliza: mume. Angalia anayejibu: mwanamume mwingine. Mwenye mimba, yule anayetapika asubuhi na kuvimba miguu jioni, hayumo kwenye mazungumzo.

Hoja yangu ni hii. Kibera na Kawangware zina uongo wa aina mbili kuhusu unyumba wakati wa mimba. Mmoja unasema ni mwiko. Mwingine unasema ni lazima. Ukiusikiliza juujuu utadhani ni maadui. Kumbe ni ndugu wa tumbo moja: wote wawili humwachia mume afanye anavyotaka, na wote wawili humwambia mke anyamaze. Dini haimo katika uongo huo, na udaktari haumo. Lakini wanaojua ukweli, walio kwenye mimbari na walio kwenye kliniki, wameona haya kuusema.

Tuanze na mwiko. Umeusikia kwa shosho, kwa jirani, kwa wasee wa base ya nduthi. Ati ukilala na mke mwenye mimba utamgonga mtoto kichwa. Ati utapasua chupa. Ati mtoto atazaliwa mchafu. Huo wa mwisho ndio unaouma zaidi, kwa sababu watu wanadhani wameuona kwa macho. Watoto wengi huzaliwa na utando mweupe, mzito kama siagi, kwenye mikunjo ya ngozi. Watu huuangalia na kusema: ona, hawa wawili hawakuweza kujizuia. Mama ametoka kuzaa sasa hivi, bado anatetemeka, na tayari anasutwa.

Utando huo ni mafuta na seli za ngozi ya mtoto mwenyewe. Unamfunika akiwa bado tumboni, unamkinga na maji anayoelea ndani yake, na akishazaliwa unaendelea kuilinda ngozi yake. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita. Hata mtoto ambaye baba yake amekuwa Qatar tangu mimba ikiwa changa anaweza kuzaliwa nao. Huyo naye tuseme nini?

Na kichwa? Mtoto yuko ndani ya mfuko wa maji. Mfuko uko ndani ya misuli minene ya mji wa mimba. Chini yake mlango wa kizazi umefungwa na kuzibwa kwa ute mzito. Mume hafiki huko, hata ajisifu vipi. Mke akifika kilele, tumbo linaweza kukaza kidogo kisha likalegea. Katika mimba isiyo na matatizo, hilo halianzishi uchungu wa kuzaa.

Mwiko huu una binamu yake huko Pwani na Tanzania, anaitwa kubemenda: wazazi wakilala pamoja mama akiwa bado ananyonyesha, mtoto atadhoofika, hatatembea mapema, atakonda. Waluo, ambao ni wengi Kibera, wana chira, ugonjwa wa kukonda unaosemwa kuwapata watu wa nyumba iliyovunja miiko, ikiwemo miiko ya kitanda. Majina ni tofauti, madhara ni yale yale. Mtoto akikonda, watu hawaulizi amekula nini. Wanauliza wazazi wamefanya nini. Mama anaona aibu kumpeleka kliniki, na mtoto aliyehitaji chakula na dawa anabaki nyumbani na jina baya.

Hapa ndipo Muislamu anapaswa kusimama kidogo. Katika Sahih Muslim kuna Hadithi iliyopokewa na mwanamke, Judama bint Wahb. Inahusu ghila, neno ambalo Imam Malik alilieleza kuwa ni mume kumwingilia mke anayenyonyesha. Wengine wakasema ni mwanamke kunyonyesha akiwa na mimba. Hofu iliyokuwepo ni hiyo hiyo ya kubemenda: kwamba mtoto atadhurika. Mtume alikuwa amekusudia kuikataza. Kisha akawaangalia Warumi na Waajemi, akaona wao wanafanya hivyo na watoto wao hawapati madhara, akaacha kuikataza.

Fikiria maana yake. Hakutegemea uvumi wa wazee. Aliangalia watoto, tena watoto wa watu wa mbali, wasio Waislamu, akaona ni wazima. Sisi leo tuna mizani ya kupima watoto kila mwezi, tuna kijitabu cha kliniki chenye mstari wa kuonyesha uzito unavyopanda, na bado tunaliamini neno la jirani kuliko mstari huo.

Wengine husema, lakini si kuna Hadithi inayokataza kulala na mwenye mimba? Ipo inayokataza mtu kumwagilia shamba la mwenzake, na wanazuoni wameieleza kuwa inahusu mwanamke mwenye mimba ya mwanamume mwingine. Ni ulinzi wa nasaba. Mke wako mwenye mimba yako hamo humo.

Sasa, mtu anaweza kusema: hata kama mwiko huu ni uongo, si angalau unampumzisha mama? Ungempumzisha kama ungewafunga wote wawili. Haufanyi hivyo. Mwiko unamwambia mke asiguswe; haumwambii mume afunge Jumatatu na Alhamisi ili azuie tamaa. Msee anapewa ruhusa ya kimyakimya: mama watoto hawezi saa hii, wewe jipange. Na anajipanga kweli, huko nje, na kila mtu kwenye ploti anajua isipokuwa mwenye tumbo.

Na hapa si maadili peke yake yaliyo hatarini. Mwaka 2018 watafiti walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanandoa na wapenzi zaidi ya 2,700 katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, ambapo mwanamume alikuwa na virusi vya Ukimwi na mwanamke hana. Kwa kila tendo moja, hatari ya mwanamke kuambukizwa katika kipindi cha mwisho cha mimba ilikuwa karibu mara 3 ya wakati ambapo hana mimba. Miezi ya kwanza baada ya kujifungua, karibu mara 4. Mwili wa mwanamke uko wazi zaidi kwa maambukizi wakati ule ule ambao mtaa umempa mume wake ruhusa ya kuzurura. Na mama akiambukizwa katika kipindi hicho, virusi huwa vingi sana kwenye damu yake, hivyo mtoto naye huwa katika hatari kubwa. Alipimwa mwanzoni, akaambiwa yuko sawa, akafurahi. Hiyo ndiyo sababu ya kliniki kurudia kipimo mimba inapokaribia mwisho. Haijarudiwa kwa ajili ya kumsumbua. Imerudiwa kwa ajili ya yale ambayo huenda yametokea katikati.

Kuna wale watakaoruka haraka: ndiyo maana dini imeruhusu wake wanne. Bana, tuhesabu pamoja. Mke wa kwanza ana mimba, umeoa wa pili. Wa pili naye akipata mimba, utaoa wa tatu? Aya ya tatu ya Sura ya An-Nisaa imeweka uadilifu kuwa sharti, na ukiogopa kwamba hutaweza, ni mmoja. Mtu anayedaiwa kodi ya keja ya kwanza anazungumzia uadilifu upi?

Huo ni uongo wa kwanza. Wa pili umevaa kanzu, na unatembea na Hadithi mkononi.

Huu unasema mke mwenye mimba lazima akubali, kila akiitwa. Kwanza kwa sababu za mwili: ati mbegu ya baba ndiyo inayomjenga mtoto, kila siku tofali moja, na mume akiacha mtoto atazaliwa mdogo. Ati miezi ya mwisho lazima njia ifunguliwe, la sivyo utapasuliwa. Jibu la udaktari halina utata. Mbegu ikishakutana na yai, kazi yake imekwisha. Kuanzia hapo mtoto hulishwa na damu ya mama kupitia kondo la nyuma na kitovu. Anayetaka kumjenga mtoto apeleke nyumbani omena, maharagwe, mayai na sukuma, na ahakikishe mama anameza tembe za madini ya chuma anazopewa kliniki. Huko ndiko kuna matofali. Na kuhusu kufungua njia, tafiti hazijathibitisha kwamba tendo la ndoa huleta uchungu mapema. Wanaotaka wafanye kwa mapenzi, mradi hakuna onyo la daktari. Anayelazimishwa kwa jina la kufungua njia anadanganywa.

Kisha inakuja sababu ya dini. Hadithi ya malaika kumlaani mke anayekataa kitanda imo katika Bukhari na Muslim, hakuna anayeificha. Lakini mtaani inasomwa kama hati ya kukamata mtu. Wanafiqhi walioisoma maisha yao yote walisema wazi: mke mwenye udhuru, kama ugonjwa, au ambaye tendo litamdhuru, hana dhambi. Na juu ya hilo kuna msingi ambao kila mwanafunzi wa madrasa hukutana nao, kwamba hakuna kudhuru wala kulipizana madhara. Na Kurani yenyewe, katika Sura ya Luqman aya ya 14, inaieleza mimba kuwa ni udhaifu unaopandana na udhaifu. Mwenyezi Mungu ameuona uchovu wa mama. Wewe unayelala naye kitanda kimoja umeshindwa kuuona?

Kisha kuna Ramadhani. Funga ni nguzo ya Uislamu. Hata hivyo mwanamke mwenye mimba akihofia afya yake au ya mtoto, anaruhusiwa kula mchana. Kama nguzo ya dini inampisha mwanamke mjamzito, tamaa yako ya Jumanne usiku haiwezi kukosa nafasi ya kumpisha.

Madhara yenyewe si ya kufikirika. Ziko hali ambazo daktari atasema simameni kabisa: mama anatokwa na damu, chupa imepasuka na maji yanatoka, kondo la nyuma limekaa chini na kufunika mlango wa kizazi, mlango wa kizazi umeanza kulegea au kufupika kabla ya wakati, kuna dalili za uchungu wa mapema. Katika hali ya kondo kukaa chini, tendo la ndoa linaweza kuamsha damu nyingi, na damu hiyo inaweza kumuua mama na mtoto. Hapa maneno kwamba inaruhusiwa hayana tena nguvu, kwa daktari wala kwa mwanachuoni. Mume anayejua hilo na bado anasukuma hadai haki. Anadhuru.

Sheria ya Kenya nayo imemwacha mke katikati ya barabara. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, kifungu cha 43, inaeleza ni lini kitendo cha kingono ni cha kulazimishwa, halafu katika kifungu kidogo cha 5 inasema maelezo hayo hayawahusu waliooana kisheria. Sheria ya Kinga Dhidi ya Dhuluma za Kinyumbani ya mwaka 2015 ikaja kuitaja dhuluma ya kingono ndani ya ndoa kuwa ni dhuluma, na mke anaweza kwenda kortini kuomba amri ya kulindwa. Mkono mmoja unachukua, mwingine unarudisha kidogo. Ndiyo maana maneno ya ustadh yana uzito mkubwa hapa mtaani. Wengi hawatafika kortini. Watafika msikitini.

Sasa tuingie chumbani kwenyewe, maana mijadala hii hufanywa kana kwamba kila mtu anaishi Kilimani. Chumba ni futi 10 kwa 10. Ukuta ni mabati au udongo. Pazia limegawanya kitanda na sehemu ya jiko, na nyuma ya pazia kuna watoto wawili kwenye godoro. Sura ya An-Nur, aya ya 58, inawafundisha watoto kubisha hodi nyakati tatu: kabla ya Alfajiri, adhuhuri watu wanapopumzika, na baada ya Isha. Mtoto wa Silanga atabisha hodi kwenye mlango upi? Kwa hiyo faragha hapa si kitu unachokikuta. Ni kitu mnachokitengeneza wawili, kwa kupanga na kuongea. Na mkishaanza kuongea, mtagundua mengi yanaongeleka: kwamba akilala ubavu tumbo halimlemei, kwamba mwezi wa tatu anataka kulala tu, kwamba mwezi wa tano huenda hamu yake ikawa kubwa kuliko yako. Ndiyo, wanawake wajawazito wana hamu pia. Mwiko na lazima vyote viwili husahau hilo.

Halafu kuna maji. Baada ya tendo, wote wawili wana janaba, na wanatakiwa kuoga kabla ya swala ya Alfajiri. Kwenye nyumba yenye bomba hilo ni jambo la dakika tano. Kibera, maji ni mtungi wa lita 20, shilingi 5 siku nzuri, na bei inaruka mifereji ikikauka. Bafu ni la ploti nzima, liko nje, mlango haufungi vizuri, sakafu inateleza, na saa kumi na moja alfajiri ni giza na baridi. Mama wa miezi minane anatembea huko na beseni. Mara nyingi mtungi wenyewe aliubeba yeye mwenyewe jana jioni.

Ndiyo maana nasema: ukitaka unyumba, beba mtungi. Sisemi kwa mafumbo. Ubebe. Pasha maji kwa jiko. Msindikize bafuni ukiwa na tochi ya simu, usimame mlangoni. Aya ya 19 ya Sura ya An-Nisaa inawaamuru waume wakae na wake zao kwa wema, na wema Kibera una uzito wa kilo 20. Mume anayejua Hadithi ya malaika kwa moyo na hajui mtungi unajazwa wapi, dini yake ina kasoro.

Najua pingamizi litakalokuja. Haya ni mambo ya siri, ya chumbani, usiyalete mbele ya watu. Mila zetu zina haya. Sawa. Lakini Umm Sulaym alimwendea Mtume akamuuliza kama mwanamke naye huoga akiota ndoto za usiku, na alianza kwa kusema kwamba Mungu haoni haya mbele ya haki. Bibi Aisha akawasifu wanawake wa Ansari kwa sababu haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Hizo ndizo mila ambazo Muislamu wa Makina anadai kuzirithi. Haya inayofunga mdomo wakati mama anatokwa na damu na anaogopa kusema kwa nini, hiyo imetoka kwingine.

Kwa hiyo ninawadai watu watatu. Ninamdai khatibu Ijumaa moja kwa mwaka: asimame aseme kwamba inaruhusiwa, kwamba mke mwenye udhuru hana laana, kwamba kuna hali ambazo neno la daktari ndilo la kufuata. Haitachukua dakika kumi. Ninamdai nesi wa kliniki sentensi tatu, aziseme bila mama kuuliza, maana mama hataweza kuuliza: ni salama kama huna matatizo, ukiona damu, maji au maumivu, simameni na uje, na una haki ya kukataa. Asilimia 98 ya wanawake Kenya, kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022, walihudhuria kliniki ya mimba kwa mhudumu mwenye ujuzi. Kwa hiyo mama anafika. Anapimwa damu, presha, mkojo na tumbo, kisha anarudi nyumbani bila kuambiwa lolote kuhusu kitanda anachokirudia.

Wa tatu ni mume. Wewe, unayeandika ujumbe saa sita usiku. Mke wako yuko hapo kando, macho wazi. Kabla hujamuuliza ustadh kama unaruhusiwa, muulize yeye anajisikiaje. Na siku yake ya kliniki ikifika, pumzika mjengo nusu siku, mwende wote, ukapimwe nawe. Ukifika mbele ya daktari, uliza swali lako kwa sauti, yeye akiwa amekaa hapo anasikia, na akitaka kuongeza lake, umwache amalize.